Christian Benteke: Kutoka Kinshasa hadi Kiatu cha Dhahabu mjini Washington

Ligi kuu ya kandanda ya Marekani, MLS, ilipomaliza msimu wake wa kawaida tarehe 19 Oktoba 2024, jina lililosimama juu ya orodha ya wafungaji halikuwa la Lionel Messi wala la Luis Suárez. Lilikuwa jina la Christian Benteke, mshambuliaji wa D.C. United, klabu ya jiji la Washington. Alikuwa amefunga mabao 23. Messi na Suárez wa Inter Miami, pamoja na Denis Bouanga wa Los Angeles FC, mchezaji wa timu ya taifa ya Gabon, walimfuata wakiwa na mabao 20 kila mmoja.

Siku hiyo hiyo D.C. United ilifungwa 3-0 na Charlotte FC, ikakosa nafasi katika mechi za mtoano za kuwania ubingwa. Hivyo mfungaji bora wa ligi nzima alijipatia Kiatu cha Dhahabu huku timu yake ikifungasha virago.

Tuzo na kushindwa kwa pamoja: mambo hayo mawili yamefuatana mara nyingi katika maisha ya mchezaji huyu. Aliwahi kuitwa hodari na aliwahi kuitwa mzigo, wakati mwingine katika klabu moja na ndani ya miaka miwili. Makala hii inaeleza alikotoka, njia aliyopita, na jinsi msomaji anavyoweza kuisoma hesabu ya mabao ya mshambuliaji bila kumwonea wala kumpamba.

Kinshasa, Liège na Genk

Christian Benteke alizaliwa Kinshasa tarehe 3 Desemba 1990, wakati nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mobutu Sese Seko, aliyetwaa madaraka mwezi Novemba 1965, alikuwa ametangaza mwezi Aprili mwaka huo wa 1990 kwamba mfumo wa chama kimoja umekwisha. Wengi walitumaini kwamba mageuzi yangekuja kwa amani. Badala yake, mwezi Septemba 1991 wanajeshi waliokuwa wakilalamikia mishahara waliingia mitaani na kupora maduka na viwanda vya mji mkuu, na majeshi ya Ubelgiji na Ufaransa yakapelekwa kuwaondoa raia wa kigeni. Mwezi Januari 1993 uporaji ulizuka tena.

Familia ya Benteke ilikuwa miongoni mwa waliouacha utawala huo na kukimbilia Ubelgiji, Christian akiwa mtoto mdogo. Walifanya makao Liège, mji wa chuma na makaa ya mawe ulio kando ya mto Meuse. Ubelgiji ilikuwa mtawala wa kikoloni wa Kongo hadi tarehe 30 Juni 1960, na njia ya Kinshasa kwenda Brussels na Liège ilikwisha kufahamika kwa wanafunzi, wafanyakazi na wakimbizi wengi kabla yake.

Njia hiyo imeijaza timu ya taifa ya Ubelgiji. Pierre Kompany, baba yake Vincent Kompany, aliwasili kutoka Zaire akiwa mkimbizi katika miaka ya 1970, na mwaka 2018 akachaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, mmoja wa mitaa ya Brussels. Roger Lukaku, baba yake Romelu, aliichezea timu ya taifa ya Zaire kabla ya wanawe Romelu na Jordan kuivaa jezi ya Ubelgiji. Michy Batshuayi naye ni mtoto wa Wakongo.

Wapenzi wa soka wenye umri wanakumbuka kwamba kulikuwa na wakati Zaire iliwatunza wafungaji wake nyumbani. Mwaka 1974 Pierre Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, rekodi ya mashindano mamoja, na Zaire ikatwaa ubingwa. Miezi michache baadaye nchi hiyo ikawa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia. Lakini Ndaye mwenyewe aliishia ugenini. Alipigwa risasi mguuni mwaka 1994, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kwa dhiki miaka mingi, na alifariki dunia Johannesburg mwezi Januari 2019. Hatima yake inaonyesha ni nchi ya namna gani ambayo wazazi wa Benteke waliiacha: nchi iliyoweza kumshangilia mfungaji wake leo na kumsahau kesho.

Benteke alijifunza mpira Liège, kisha akaingia katika shule ya vijana ya klabu ya Genk, mashariki mwa Ubelgiji. Kwa Wakenya jina la Genk si geni. Mike Okoth Origi, mshambuliaji wa Harambee Stars, alitwaa ubingwa wa Ubelgiji na klabu hiyo mwaka 1999, na mwanawe Divock alilelewa kisoka hapo hapo. Familia hizo mbili, ya Kongo na ya Kenya, zitakutana tena mbele katika habari hii.

Mwanzo wa Benteke haukuwa wa ajabu. Mwaka 2009 alihamia Standard Liège, klabu kubwa ya mji aliokulia, lakini hakupata nafasi ya kudumu. Alipelekwa kwa mkopo Kortrijk, kisha Mechelen. Mwaka 2011 alirudi Genk, na katika msimu wa 2011/12 alifunga mabao 16 ya ligi. Ndipo Waingereza walipomwona.

Birmingham: sifa zinaanza

Tarehe 31 Agosti 2012, siku ya mwisho ya usajili, Aston Villa ya Birmingham ilimnunua kwa kitita kilichotajwa kuwa pauni milioni 7. Kocha Paul Lambert alikuwa anajenga timu ya vijana kwa fedha chache. Wiki mbili baadaye Benteke aliingia akitokea benchi dhidi ya Swansea na kufunga katika mechi yake ya kwanza.

Msimu huo wa 2012/13 ulikuwa na machungu na furaha kwa Villa. Tarehe 15 Desemba walikwenda Anfield na kuifunga Liverpool 3-1, Benteke akipachika mabao mawili. Siku nane baadaye Chelsea iliwachapa 8-0. Mwezi Aprili 2013, huku hatari ya kushuka daraja ikiwa bado haijaondoka, Villa iliifunga Sunderland 6-1 na Benteke akafunga mabao matatu peke yake.

Alimaliza msimu akiwa na mabao 19 ya ligi, akaipita rekodi ya Dwight Yorke ya mabao 17 kwa mchezaji wa Villa katika msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza. Ukijumlisha mashindano yote, mabao yalikuwa 23. Villa ilimaliza nafasi ya 15, ikanusurika. Tayari hapo msomaji anaona sura ya maisha yake yote ya kandanda: mabao mengi katika timu inayopigania uhai.

Kwa jumla aliichezea Villa mechi 101 na kufunga mabao 49. Mwezi Aprili 2015 alifunga bao la kusawazisha katika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Liverpool uwanjani Wembley, na Villa ikashinda 2-1. Fainali ilikuwa habari nyingine, kwani Arsenal iliwafunga 4-0.

Kisigino kilichofunga mlango wa Brazil

Katikati ya miaka hiyo mitatu lilitokea pigo ambalo wengi wanalichukulia kuwa kubwa kuliko yote. Mwezi Aprili 2014, miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia nchini Brazil, Benteke alikatika kano ya kisigino akiwa mazoezini.

Kano hiyo ni kamba nene inayounganisha msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ndiyo inayomrusha mtu juu anapotaka kuruka, na ndiyo inayomsukuma mbele anapoanza kukimbia. Kwa mchezaji anayeishi kwa mipira ya kichwa, hakuna kiungo kilicho na thamani zaidi. Alikaa nje kwa takriban miezi sita.

Ubelgiji ilikuwa inarudi katika mashindano makubwa kwa mara ya kwanza tangu 2002, na Benteke alikuwa ameshiriki kuifikisha huko. Kocha Marc Wilmots alilazimika kutafuta mtu mwingine, akamwita kijana wa miaka 19 ambaye watu wengi hawakumtarajia: Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth. Tarehe 22 Juni 2014, katika uwanja wa Maracanã, Origi aliingia akitokea benchi na katika dakika ya 88 akafunga bao pekee dhidi ya Urusi. Kenya nzima ilishangilia. Ni vigumu kuikumbuka furaha hiyo bila kukumbuka pia kwamba nafasi ile ilipatikana kwa sababu mtoto wa Kinshasa alikuwa amelala na kisigino kilichoshonwa.

Benteke hakuwahi kucheza mechi hata moja ya fainali za Kombe la Dunia. Tarehe 10 Oktoba 2016, katika mechi ya kufuzu dhidi ya Gibraltar iliyochezwa Faro, nchini Ureno, alifunga sekunde 8.1 tu baada ya filimbi ya kwanza. Bao hilo liliivunja rekodi ya sekunde 8.3 ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia, iliyowekwa na Davide Gualtieri wa San Marino dhidi ya Uingereza mwaka 1993. Siku hiyo Benteke alifunga mabao matatu na Ubelgiji ikashinda 6-0. Lakini mwaka 2018, kocha Roberto Martínez alipopunguza kikosi cha wachezaji 28 hadi 23 kabla ya safari ya Urusi, Benteke alikuwa miongoni mwa waliobaki nyumbani. Ubelgiji ilirudi na nafasi ya tatu.

Liverpool na Crystal Palace: miaka ya ukame

Mwezi Julai 2015 Liverpool ilimnunua kwa pauni milioni 32.5. Aliyemtaka ni kocha Brendan Rodgers. Tarehe 12 Septemba, dhidi ya Manchester United katika uwanja wa Old Trafford, alijipindua hewani na kupiga tikitaka iliyotinga wavuni. Liverpool ilifungwa 3-1, lakini bao lile limebaki katika kumbukumbu za wengi.

Wiki tatu baadaye Rodgers alifukuzwa, na Jürgen Klopp akashika usukani. Klopp alitaka washambuliaji wanaokimbia bila kupumzika na kuwasonga walinzi wa upande wa pili mara mpira unapopotea. Benteke alifunga mabao muhimu, likiwamo bao pekee dhidi ya Leicester City tarehe 26 Desemba 2015, katika msimu ambao Leicester ilitwaa ubingwa. Lakini mara nyingi alikaa benchi, na mmoja wa waliopewa nafasi mbele yake alikuwa Divock Origi. Alimaliza msimu akiwa na mabao 9 ya ligi.

Mwezi Agosti 2016 alihamia Crystal Palace ya kusini mwa London. Msimu wa kwanza alifunga mabao 15 ya ligi, na mwezi Aprili 2017 alirudi Anfield na kuifunga Liverpool mabao mawili, Palace ikashinda 2-1. Ilionekana kwamba amepata mahali pake.

Kisha ukaja ukame. Palace ilianza msimu wa 2017/18 kwa kufungwa mechi saba za kwanza bila kupata hata bao moja. Benteke alifunga mabao 3 msimu ule, bao 1 msimu wa 2018/19, na mabao 2 msimu wa 2019/20. Mabao sita katika miaka mitatu, kwa mtu ambaye aliwahi kufunga 19 katika mwaka mmoja.

Tukio moja la tarehe 9 Desemba 2017 linaonyesha jinsi ukame unavyoweza kumwingia mchezaji moyoni. Palace na Bournemouth zilikuwa sare 2-2, dakika za nyongeza, na Palace ikapata penalti. Mpigaji aliyeteuliwa alikuwa Luka Milivojević, ambaye alikwisha kufunga penalti mapema katika mechi hiyo hiyo. Benteke alichukua mpira, akaomba apige yeye. Kipa Asmir Begović aliudaka mkwaju wake. Kocha Roy Hodgson hakuficha hasira zake. Aliyewahi kuwa na njaa ya kazi, na akaona kazi hiyo mikononi mwa mwenzake, atamlaumu Benteke, lakini atamwelewa.

Hakukata tamaa. Msimu wa 2020/21, uliochezwa kwa sehemu kubwa bila mashabiki kwa sababu ya janga la korona, alifunga mabao 10 ya ligi, likiwamo bao la dakika ya 95 lililoipa Palace ushindi wa 2-1 dhidi ya mahasimu wao Brighton mwezi Februari 2021. Alipoondoka Uingereza alikuwa na mabao 86 ya Ligi Kuu: 42 ya Villa, 9 ya Liverpool na 35 ya Palace.

Kazi ya mshambuliaji wa kati

Kwa nini mtu yule yule afunge 19 mwaka mmoja na 1 mwaka mwingine? Jeraha na umri ni sehemu ya jibu. Kupoteza imani ni sehemu nyingine. Lakini sehemu kubwa imo katika aina ya mchezaji aliyekuwa.

Washambuliaji wako wa namna mbalimbali. Wapo wanaochukua mpira katikati ya uwanja, wakawachenga watu wawili au watatu, wakajitengenezea bao wenyewe. Benteke hakuwa wa aina hiyo. Kimo chake ni takriban mita 1.90, ana kifua kipana, na kazi yake ilikuwa kusimama na mlinzi mgongoni, kupokea mpira mrefu, kuutuliza, kumpa mwenzake, kisha kukimbilia langoni na kungoja urudi. Silaha yake kubwa ilikuwa kichwa. Na mpira wa kichwa hauji wenyewe. Lazima winga au beki wa pembeni afike mwisho wa uwanja, ainue macho, apige krosi yenye kasi na kimo kinachofaa.

Timu inayomtaka mchezaji wa namna hii lazima ikubali kucheza kwa ajili yake. Villa ilikubali, kwa sababu haikuwa na njia nyingine ya kupata mabao. Palace ilikubali katika msimu wa kwanza. Liverpool ya Klopp haikukubali, nayo ilikuwa na haki yake, kwani ilikuwa inajenga kitu kingine. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jina linaloandikwa ubaoni bao linapoingia ni moja, lakini bao lenyewe ni kazi ya watu watatu au wanne, na mawinga wakibadilishwa au kocha akibadili mfumo, hesabu ya mfungaji hubadilika hata kama miguu yake ni ile ile.

Kwa sababu hiyo, mwenye kupima mfungaji kwa mabao peke yake hupima timu nzima bila kujua. Na mashabiki, ambao hukaa mbali na mazoezi, humpa mtu mmoja sifa ya wote mambo yanapokwenda vizuri, na lawama ya wote yanapoharibika.

Washington

Tarehe 5 Agosti 2022 Benteke, akiwa na umri wa miaka 31, alijiunga na D.C. United. Kocha alikuwa Wayne Rooney, aliyewahi kuichezea klabu hiyo mwaka 2018 na 2019 na aliyekuwa amerudi kuifundisha mwezi mmoja tu kabla.

D.C. United si klabu ndogo kwa historia. Ligi ya MLS ilipoanza mwaka 1996, Washington ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza, ikarudia mwaka 1997, 1999 na 2004. Mshambuliaji Jaime Moreno, kutoka Santa Cruz nchini Bolivia, alikuwamo katika mataji yote manne. Alistaafu mwaka 2010 akiwa na mabao 133 ya ligi, karibu yote aliyafunga kwa Washington, na alikuwa mchezaji wa kwanza katika MLS kufikisha mabao 100 na pasi 100 za mabao. Eneo la Virginia ya kaskazini lina jamii kubwa ya Wabolivia, na kwao Moreno alikuwa ndugu aliyevaa jezi.

Lakini miaka ya neema ilikwisha kupita. Msimu ambao Benteke alifika, D.C. United ilimaliza mkiani mwa ligi yote. Mwaka 2018 klabu ilikuwa imeuacha uwanja mkongwe wa RFK na kuhamia Audi Field, uwanja mpya wa watu wapatao 20,000 katika eneo la Buzzard Point, kusini magharibi mwa jiji, mwendo wa miguu kutoka kituo cha treni cha Navy Yard. Uwanja ulikuwa mpya, lakini timu ilikuwa imechoka.

Kwa Waafrika Mashariki wa maeneo ya Washington, walioenea katika vitongoji vya Maryland na Virginia, jina la Benteke lilikuwa tayari la nyumbani. Ligi ya Uingereza ndiyo lugha ya pamoja ya wahamiaji hawa. Mechi inayoanza saa tisa alasiri mjini London huonekana Washington saa nne asubuhi, na Nairobi, Dar es Salaam au Kampala saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Ndugu aliye huku na ndugu aliye kule hutazama bao lile lile na kutumiana ujumbe. Mtu waliyemzoea katika runinga akiwa na jezi ya Villa au ya Palace sasa alikuwa anacheza umbali wa safari fupi ya treni.

Ulaya, wachezaji wa umri wake wanaokwenda Marekani huambiwa wamekwenda kustaafu. Mwaka 2023 Benteke alijibu kwa mabao 14. Timu haikufika katika mtoano, na Rooney akaondoka mwezi Oktoba mwaka huo. Kwa mara nyingine kocha aliyemwita alikuwa ametangulia kuondoka.

Msimu wa mabao 23

Kocha mpya, Troy Lesesne, hakuanza kwa kumtafutia Benteke mrithi. Alijenga mashambulizi juu yake. Mipira ilipelekwa pembeni haraka, krosi zikamiminwa, na viungo kama Mateusz Klich, raia wa Poland, wakapewa kazi ya kumfikishia mpira mapema kabla walinzi hawajajipanga. Matokeo yalionekana siku ya kwanza. Tarehe 24 Februari 2024, katika mechi ya ufunguzi Audi Field, D.C. United iliifunga New England Revolution 3-1, na mabao yote matatu yalikuwa ya Benteke.

Aliendelea hivyo hadi Oktoba. Mabao yake 23 yalilingana na yale ya Raúl Díaz Arce, raia wa El Salvador, aliyeifungia D.C. United idadi hiyo katika msimu wa kwanza wa ligi mwaka 1996. Kabla ya Benteke, wachezaji wa klabu hiyo waliotunukiwa Kiatu cha Dhahabu walikuwa Jaime Moreno mwaka 1997, Luciano Emilio wa Brazil mwaka 2007, na Dwayne De Rosario wa Kanada mwaka 2011. Mwaka 2021 Ola Kamara wa Norway alifikisha mabao 19 sawa na Valentín Castellanos wa New York City, lakini tuzo ilikwenda kwa Castellanos kwa kuwa alikuwa na pasi nyingi zaidi za mabao.

Msomaji atauliza: ikiwa timu ilikuwa na mfungaji bora, ilikosaje mtoano? Katika msimu huo MLS ilikuwa na timu 29 katika kanda mbili, kila timu ikicheza mechi 34, na timu tisa za kila kanda zikasonga mbele. D.C. United ilimaliza ya 10 katika Kanda ya Mashariki, ikiwa na pointi 40, sawa kabisa na Atlanta United iliyochukua nafasi ya tisa. Tatizo lilikuwa nyuma: kila bao lililopatikana mbele lililipwa, mara nyingi kwa riba, katika lango la pili. Zaidi ya theluthi moja ya mabao ya timu yalitoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuweza kuwa langoni kwa wapinzani na langoni kwake kwa wakati mmoja.

Atlanta, iliyoponea chupuchupu, ilikwenda kuitoa Inter Miami ya Messi katika mtoano. Kwa Washington ilikuwa kumbukumbu chungu ya umbali mdogo uliokuwapo kati ya kukosa na kupata. Msimu wa 2025 haukuleta faraja: Lesesne aliondolewa katikati ya mwaka, na timu ikamaliza ya mwisho katika kanda yake.

Hesabu ya mwisho

Benteke aliichezea Ubelgiji mechi 45 na kuifungia mabao 18. Alifunga mabao 86 katika ligi inayotazamwa kuliko zote duniani, na alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Marekani akiwa na umri wa miaka 33. Dhidi ya hayo yapo mambo ambayo hakuyapata: mechi ya Kombe la Dunia, utulivu wa klabu moja kubwa, na, mjini Washington, hata mechi moja ya mtoano katika misimu ya 2022 hadi 2024.

Kongo nayo ina hesabu yake. Nchi ambayo mwaka 1974 ilikuwa na mfungaji bora wa Afrika ilimpoteza Benteke kabla hajapiga mpira wake wa kwanza shuleni, kama ilivyowapoteza madaktari, walimu na mafundi wasiohesabika ambao majina yao hayasomwi katika runinga. Alipoivaa jezi ya Ubelgiji katika mechi za mashindano, mlango wa jezi ya Kongo ulifungwa. Yeye hakuuchagua utawala uliowafukuza wazazi wake, wala wazazi hao hawakuondoka ili mtoto wao aje kuwa mshambuliaji. Waliondoka ili aishi.

Sisi tulioandika maisha yetu upya katika miji ya watu tunaifahamu njia aliyopita mchezaji huyu: kuanza tena mahali ambapo hakuna anayekujua, kutegemea wenzako wakupe mpira, kungoja miaka mitatu bila bao huku watu wakikuhesabu, na siku moja kuamka na kukuta kwamba bado unaweza. Vijana wanaocheza kandanda Jumapili katika viwanja vya shule vya Maryland na Virginia, wengi wao wakiwa watoto wa wakimbizi kama alivyokuwa yeye, walimwona mfungaji bora wa ligi nzima akishuka uwanjani Audi Field, na katika pasipoti yake, mahali pa kuzaliwa, pameandikwa Kinshasa.